Asome ubunifu wa mitindo, lakini aulize kwanza vyerehani ni vingapi

Mhariri,

Gazeti lako mimi hulinunua kwa kazi mbili. Asubuhi nalisoma, jioni nalikatia pateni, yaani kiolezo cha kukatia nguo, maana karatasi yake ni nyepesi na hukunjika vizuri juu ya kitambaa. Wiki iliyopita nilikuwa nimeshatandika ukurasa wa barua mezani, nimeshauchora mkono wa blauzi, mkasi u mkononi, ndipo nikaona barua ya mama mmoja wa Voi. Nikaweka mkasi chini. Blauzi ya watu ilichelewa siku nzima kwa sababu ya barua hiyo, na mwenyewe alinisema, lakini si neno.

Mama huyo alieleza kwamba bintiye amepata B katika KCSE na anataka kusomea ubunifu wa mitindo chuo kikuu. Babake hataki. Anasema heri uuguzi au ualimu, kwani kushona ni kazi ya aliyeanguka mtihani. Mama akauliza: je, mtu akishapata digrii hiyo, kazi ipo?

Nilingoja nione nani atamjibu. Alijitokeza bwana mmoja na mistari sita, akasema vijana waachwe wafuate ndoto zao. Sasa ndoto, Mhariri, HELB, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi, haiipokei. Wao hupokea shilingi, na usipolipa hukutoza faini ya 5,000 kila mwezi. Nina digrii hiyo hiyo, nina mkopo huo huo, na nina vyerehani vitatu hapa Majengo, Mombasa. Naomba nimjibu mimi, na naomba nafasi kidogo, kwa kuwa jibu langu halitoshi mistari sita.

Niliingia chuo kikuu mwaka 2015. Sitakitaja chuo chenyewe. Vinavyofundisha kozi hii ni vichache na nikianza kudokeza kitajulikana, na tena wahadhiri wangu wawili walinitendea wema ambao sijaweza kuulipa. Tulikuwa wanafunzi 34 darasani. Chumba cha ushonaji kilikuwa na vyerehani tisa, na siku njema vinne vilikuwa vinafanya kazi. Ovaloki, mashine ya kumalizia kingo za kitambaa, ilikuwa moja, na ufunguo wa chumba chake alikuwa nao mtu ambaye hakuwahi kuwepo. Kwa hiyo tukachora. Mama wa Voi, kama ungeona tulivyochora! Wanawake warefu wasio na tumbo wala makalio, shingo kama za twiga, nguo zinapepea kama tanga la jahazi. Nilikuwa stadi. Michoro yangu ilibandikwa ukutani mwaka wa pili na wa tatu.

Siku ya mahafali, mwaka 2019, shangazi yangu aliniuliza: "Haya bibi, umeshona nguo ngapi miaka yote hii?" Aliuliza kwa furaha tu, hakuwa na nia mbaya. Nikahesabu kimoyomoyo. Sketi mbili, shati moja, gauni la mtihani, koti lisilokuwa na bitana kwa sababu muda uliisha... Zilikuwa kumi na moja. Nguo kumi na moja kwa miaka minne. Msichana anayejifunza kwa fundi yeyote wa mtaa huu hushona kumi na moja kabla ya Ijumaa.

Hapo ndipo napotaka Mama wa Voi na Baba wa Voi wakae pamoja wasikilize, kwa sababu nadhani wote wawili wanauliza swali pembeni ya swali. Kazi ipo. Mimi nimeiona kwa macho yangu, ina kiti na feni na mshahara mzuri, na nilishindwa kuifanya.

Ilikuwa hivi. Baada ya kuhitimu nilizunguka miezi mitano na bahasha, kisha nikaitwa kwenye kiwanda kimoja cha EPZ, maeneo ya viwanda vya kuuza nje, hapa Mombasa. Kwa asiyejua viwanda hivi, tangu mwaka 2000 vinaishi kwa AGOA, sheria ya Marekani iliyofungua mlango nguo zetu ziingie kule bila ushuru, hata kama kitambaa chake kimetoka China au India. Basi kitambaa kinashuka bandarini Kilindini, vipimo na michoro vinatoka kwa mnunuzi Marekani kwa barua pepe, na sisi tunatia uzi. Hakuna anayekuuliza una mtindo gani kichwani. Muda wa AGOA ulipokwisha Septemba 2025, rafiki zangu waliobaki huko walikuwa wakifuatilia habari za Washington kana kwamba ni za Changamwe.

Kwenye mahojiano waliangalia karatasi zangu, wakaona somo la kukuza na kupunguza saizi nimepata A. Wakafurahi. Wakanipeleka chumba cha pateni.

Chumba hicho kina baridi ya kiyoyozi, kimya, si kama kule chini ambako mamia ya cherehani hulia pamoja. Mlikuwa na kompyuta nne na meza ndefu kama kitanda cha mfalme. Mkuu wake alikuwa Msri Lanka wa makamo, mpole, miwani imeteremka puani. Akanipa pateni ya suruali ya kike, saizi 8, akasema nifikishe saizi 14. Kwa mkono kwanza, akasema, kompyuta baadaye. Afadhali, maana kompyuta zenyewe zilikuwa na programu ya kutengenezea pateni iitwayo Gerber, ambayo chuoni tuliisoma kwenye picha za ukutani.

Nikafanya nilivyofundishwa, au nilivyoelewa kwamba nimefundishwa. Nikaongeza pande zote sawa, kiuno, nyonga, msamba, urefu wa ndani, kila upande kiasi kile kile. Nikamkabidhi. Aliiweka juu ya meza, akaiangalia kwa muda, hakucheka. Akanionyesha kwa kidole. Mwanamke akinenepa, kiuno na nyonga huongezeka, ndiyo. Lakini miguu yake hairefuki kwa sababu amenenepa, kwa hiyo urefu wa ndani hauguswi au huguswa kidogo sana. Msamba hushuka kiasi, wala si sawa na nyonga. Suruali yangu ingemfaa mtu ambaye hajazaliwa. Kisha akaikunja ile karatasi polepole, kama mtu anayekunja barua ya msiba, akanirudishia.

Nikapewa kazi ya ukaguzi. Miezi kadhaa nilisimama mwisho wa mstari na futi kamba shingoni, napima mapindo ya jinzi. Ikizidi nusu sentimita, rudisha. Ikipungua nusu sentimita, rudisha. Ni kazi ya halali na sikuidharau, nilijifunza huko kwamba nusu sentimita ni kitu. Ila wenzangu kwenye mstari ule walikuwa wametoka kidato cha nne, wengine cha pili, na walikuwa na kasi kuliko mimi. Na kila mchana niliwaona watu wa chumba cha pateni wakienda kula. Walikuwa sita. Mkenya alikuwa mmoja, naye alikuwa akibeba karatasi.

Nimelikumbuka jambo hili miaka sita. Watu husema viwanda vinaleta wageni kwa sababu ya ubaguzi au hongo, na pengine kuna mahali ni hivyo. Mahali nilipokuwa mimi, nafasi ilikuwepo, niliitwa, nikajaribiwa kwa haki, nikashindwa na suruali.

Nilipoacha kiwanda nilikwenda kwa mzee mmoja wa Mji wa Kale anayeshona kanzu. Jina lake analijua kila bwana harusi wa hapa, lakini hapendi magazeti, basi na libaki hivyo. Nilimwomba anifunze. Akaniuliza nimesoma wapi, nikamwambia. Akasema, "Mwanangu, huko chuoni mwasomeshwa nini?" Nilipoanza kueleza akanikata kauli: "Haya, fumua hii." Nikafumua kanzu nzima, mshono kwa mshono, na kila kipande nilichokitenga alikitaja jina.

Badani, mbele na nyuma. Taharizi, vile vipande vya ubavuni vinavyoipa kanzu upana inaposhuka. Kaba, ile kazi ya shingoni. Kikwapa.

Kikwapa, Mhariri! Mwaka wangu wa pili mhadhiri alifundisha kipindi kizima kuhusu kipande cha pembe nne kinachotiwa kwapani ili mkono uweze kunyanyuka bila kuivuta nguo yote. Alikifundisha kwa jina la Kiingereza, kutoka kitabu cha Kiingereza, akachora ubaoni, na darasa zima la watu 34 halikuelewa. Nilikariri nikapasi. Nyanya yangu alikuwa akikitaja kikwapa kila alipokuwa akirekebisha kanzu za babu, nami nilikuwa nimekaa miguuni pake nikimtungia uzi kwenye sindano. Sikujua kuwa ni kitu kimoja. Miaka ishirini baadaye nimekaa sakafuni kwa mzee wa kanzu na kijipande cha kitambaa kidogo kama kiganja, nikalia. Mzee alidhani nimejichoma.

Nilikaa kwake miezi kumi na minne, mitatu ya kwanza bila senti. Yeye hana karatasi. Hupima kwa shubiri na kwa jicho, na mkasi wake haurudi nyuma. Siwezi kukata kama yeye na sitaweza. Lakini pateni niliyoshindwa kule kiwandani niliielewa kwake, kwa sababu niliona mwili kwanza kisha karatasi. Korona ilitukuta hapo. Barakoa zilipofanywa lazima, Aprili 2020, harusi zote zikaahirishwa na kanzu zikakosa wa kuzivaa, tukashona barakoa mchana na usiku. Pesa za barakoa ndizo zilizonunua cherehani changu cha kwanza, na ndiyo maana siwezi kuulaani mwaka ule kama watu wengine.

Nisieleweke vibaya lakini. Baba wa Voi asije akakata kipande hiki cha gazeti akakibandika ukutani, "Umeona? Hata mwenye digrii anajuta." Sijuti. Nitasema kwa nini, na hapa naomba asome yeye mwenyewe.

Mwaka juzi shule moja ya Kisauni ilitaka sare, magauni 400. Tulikuwa mafundi watano tunaoomba. Mwenye kitambaa alikuwa ameshawashawishi kwamba ni pamba tupu, na bei aliyowapa ilikuwa ya pamba tupu. Nikaomba kipande. Nikachomoa nyuzi mbili nikaziwasha kiberiti pale pale ofisini kwa mwalimu mkuu. Pamba huungua kama karatasi, hunuka kama karatasi, na jivu lake ni laini. Nyuzi zile zilijikunja, zikayeyuka, zikaacha punje nyeusi ngumu kama kichwa cha pini. Poliesta. Mwalimu mkuu akatazama punje, akanitazama mimi.

Kisha nikakata kipande cha kitambaa kingine walichokuwa wanakifikiria, sentimita 50 kwa 50, nikaenda nacho nyumbani nikakifua, nikakianika, nikapiga pasi, nikapima. Kimekuwa 47. Asilimia sita imeliwa na maji. Gauni lililomkaa mtoto Januari lingekuwa juu ya magoti ifikapo Februari, na mzazi angemlaumu fundi, kama wafanyavyo siku zote. Nikawaambia ama tukiloweke chote kabla ya kukata, ama tutafute kingine. Nikapewa kazi.

Mafundi wale wanne wengine wananizidi mkono, mmoja wao ananizidi sana. Hakuna aliyejua kuchoma uzi. Hilo nililisoma darasani, katika somo la sayansi ya vitambaa ambalo wote tulilichukia kwa sababu halikuwa na michoro mizuri. Siku hizi mafundi wenzangu huniletea vitambaa nivichome, nami huwatoza chai.

Tena kuna hesabu. Fundi wa mtaani mara nyingi huuza kazi yake kwa bei aliyoikuta. Mteja huja na kitenge chake, fundi husema 1,200, basi. Mimi nilikaa nikahesabu gauni langu la kwanza la bei hiyo: saa tisa. Kabla ya uzi, kabla ya tokeni za stima, kabla ya kodi ya chumba, nilikuwa nimejilipa shilingi 133 kwa saa. Somo la gharama lilinifundisha kuuliza ni saa gani hasa zilizoliwa bure, nikagundua tatu ziliishia kwenye kurudia shingo. Nikatengeneza pateni tatu za shingo za kadibodi, nikazitundika kwenye msumari. Gauni lile lile sasa ni saa tano na nusu.

Watu watasema, na mitumba je? Utashindana vipi na shati la soko la Kongowea la shilingi mia? Sishindani. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondoke ifikapo 2019, Marekani ikatishia kuhusu AGOA, Kenya ikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa ule msamaha wa ushuru. Mkubwa akishasema, mimi wa vyerehani vitatu nitasema nini. Nilichofanya ni kuifanya Kongowea maktaba yangu. Nanunua koti kuukuu la Ulaya kwa shilingi 150, lile lililochanika ambalo hakuna anayelitaka, narudi nalo, nalifumua kama mzee alivyonifundisha. Kola ya koti zuri ina siri ndani yake ambazo huwezi kuziona kwa nje. Nimejifunza makoti kwa shilingi 150 kila moja. Muhula mmoja wa chuo uligharimu zaidi kidogo.

Jambo moja la leso, kisha nirudi kwa binti. Mwaka 2021 mfanyabiashara mmoja alinipa kazi ya kuchora leso: mji wa katikati, pindo, na jina, yaani yale maneno yake, nimtungie mwenyewe. Nikachora wiki mbili. Akanilipa 3,000 mkononi, nikafurahi kama mwehu. Leso ikapelekwa India kuchapwa, ikaja kwa marobota, na miezi minne baadaye naikuta imefungwa kiunoni na nusu ya kina mama kwenye matanga Likoni. Sikuwa na haki ya kusema kitu, nilishaiuza. Kumbe pale Nairobi kuna ofisi ya KIPI ambako mchoro kama ule unaweza kusajiliwa kuwa wako, miaka mitano ya kwanza, ukaongezwa hadi kumi na mitano. Miaka minne ya chuo hakuna aliyelitaja jina hilo. Na hii ni nchi ambayo mnamo 2007 ilibidi ishtuke baada ya kampuni ya Uingereza kutaka kusajili jina la kikoi kule kwao! Wanafunzi wa ubunifu ndio wangekuwa wa kwanza kufundishwa sheria hiyo, hata kabla ya kufundishwa kuchora shingo za twiga.

Nilipoisoma barua ya Voi niliuliza kwenye kundi letu la WhatsApp la darasa kila mtu yuko wapi. Si wote waliojibu. Watano wanafundisha vyuo vya kiufundi, na hao ndio wenye mshahara wa kuaminika kuliko wote. Wanne wako EPZ Athi River, mmoja wao, mwanamume, yuko chumba cha pateni. Alijilipia mafunzo ya kompyuta baada ya digrii. Wawili wanavalisha waigizaji wa vipindi vya televisheni, wakipata mwezi huu na kukosa ujao. Mmoja yuko Doha kwenye duka la abaya, anatia mawe kwenye mikono ya abaya kutwa nzima na anasema macho yanamuuma lakini amemjengea mamake. Saba tuna vyumba vyetu vya ushonaji. Wengi wa waliobaki wako benki, kwenye bima, shambani, mmoja kwenye siasa za kaunti na ndiye mwenye gari. Mwenye jumba lake la mitindo, wa kupigwa picha, kama tulivyoota sote mwaka wa kwanza, hayupo. Nairobi wapo waliofika, Ann McCreath alianzisha jumba la mitindo la KikoRomeo mwaka 1996 na jina hilo lingali hai. Lakini anayempeleka mtoto chuo kwa kumtazama mmoja aliyefika ni kama anayenunua tiketi ya bahati nasibu kwa karo.

Sasa, Mama wa Voi. Kabla ya kujaza chaguo lake la KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi vyuoni, panda gari uende ukakione chuo. Usiende siku ya sherehe, nenda Jumanne tu. Omba uonyeshwe chumba cha ushonaji, uhesabu vyerehani, kisha uhesabu vinavyozunguka. Muulize mwanafunzi wa mwaka wa nne, pembeni, asisikike, ameshona nguo ngapi na amekata pateni ngapi kwa mkono wake. Akisema hawezi kuzihesabu, huyo yuko mahali pazuri. Akianza kuzitaja moja moja kama nilivyofanya mimi kwa shangazi, rudi nyumbani mfikirie tena. Uliza mafunzo ya nyanjani hufanyika wapi, kwa sababu mimi nilipelekwa duka la mapazia nikakaa miezi mitatu nikipokea simu. Uliza kama wanasoma Gerber au programu yoyote ya pateni kwenye kompyuta inayowaka.

Na likizo ya kila mwaka akae kwa fundi. Afanye na mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, gredi ya tatu kisha ya pili, hata kama wenzake wa chuo watamcheka kwamba huo ni mtihani wa watu wa jua kali. Wahadhiri wetu walikuwa na picha ya Alexander McQueen, yule mbunifu maarufu wa Uingereza, kwenye mlango wa ofisi. Hawakutuambia kwamba aliacha shule akiwa na miaka 16 akaenda kukaa kwenye meza za washona suti wa Savile Row, London, miaka mingi kabla ya kuingia chuo cha Central Saint Martins. Nilikuja kulisoma hilo mwenyewe, kwenye simu, nikiwa kwa mzee wa kanzu.

Baba wa Voi naye nimwambie taratibu, kwa heshima. Ile kauli ya kushona ni kazi ya walioanguka mtihani ndiyo iliyotuharibia. Kwa sababu yake chuo kinaona haya kumkalisha mwanafunzi wa digrii kwenye cherehani saa sita kwa siku, kinampa kalamu za rangi ili afanane na msomi. Kwa sababu yake mwanafunzi mwenyewe anaona haya. Mimi niliona haya miaka minne, na haya hiyo nimeilipia na riba.

Kwa vyuo nina ombi moja tu, la mtu aliyewahi kupata A kwa suruali isiyovalika: mtihani wa pateni na ufanywe kwa kitambaa, kisha nguo ivalishwe mtu mwenye tumbo na makalio, aambiwe akae, ainame, apande matatu. Alama zitolewe hapo.

Huyo binti nafasi yake ipo kwangu. Kutoka sasa hadi siku ya kuripoti chuoni kuna miezi ya kutosha. Mhariri ana nambari yangu, mama aiombe. Nina godoro la ziada na mwezi wa kwanza atakuwa akifumua tu, nimwambie mapema asije akasikitika. Aje na mkasi wake. Wangu siazimi.

Fundi mwenye digrii,
Majengo, Mombasa